Wakili wa Nyumba za Umma Anamtetea Nani, na Kesi Zake Huamuliwa na Nini?

Tangu nyumba kuukuu za Buxton zilipobomolewa na maghorofa kusimama mahali pake, kila karatasi inayobandikwa kwenye mlango wa nyumba ya kaunti hapa Mombasa huzua mjadala kabla gundi haijakauka. Kwenye baraza za Tudor utasikia kwamba kaunti inaweza kumtoa mtu wakati wowote kwa sababu nyumba ni yake. Ukivuka kwenda Changamwe utaambiwa kinyume chake, kwamba aliyekaa miaka thelathini hatoki, aje nani. Na pande zote mbili yuko mtu mmoja anayelaumiwa bila kufahamika: wakili wa serikali, yule anayeingia kortini na mafaili ya nyumba za umma kwapani. Wengi humhesabu kuwa ni mfukuza watu tu. Kazi yake ni pana kuliko hivyo, na mpangaji wa nyumba ya umma akiielewa, ataelewa pia haki yake mwenyewe inaanzia wapi na inaishia wapi.

Tuanze na maneno yenyewe. Nyumba ya umma ni ile iliyojengwa kwa fedha za umma na kupangishwa na taasisi ya umma. Tatizo ni kwamba Mombasa taasisi hizo ni zaidi ya moja. Zipo nyumba za kaunti, ambazo wazee bado wanaziita za manispaa kwa kuwa zilikuwa za Baraza la Manispaa mpaka serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Hizo ndizo za Tudor, Khadija, Mzizima, Likoni, Changamwe na kwingineko. Zipo za Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo mzizi wake ni bodi iliyoundwa na wakoloni mwaka 1953 na likapata umbo lake la sasa mwaka 1967. Shirika hilo lilijenga nyumba zake lenyewe, na pia lilikuwa likiyakopesha mabaraza ya miji fedha za kujenga, ndiyo maana utakuta watu wawili wa mtaa mmoja wanabishana mwenye nyumba ni nani na kila mmoja ana karatasi. Halafu zipo nyumba za mashirika kama reli na bandari, ambazo mara nyingi hufungamana na ajira. Kazi ikiisha, na sababu ya kukaa humo inakwisha. Hizi mpya za bei nafuu, zinazosimamiwa na sheria ya mwaka 2024, nia yake ni kuuzwa. Anayelipia pole pole huishia kuwa mwenyewe, kwa hiyo kesi zake zitakuwa za namna nyingine na sitaziingilia hapa.

Ukishapata barua, basi, swali la kwanza ni moja: imetoka kwa nani? Nimeona watu wakienda kulalamika ofisi za kaunti kwa nyumba ambayo haijawahi kuwa ya kaunti, na siku za kujibu zikapita hivyo hivyo.

Wakili tunayemzungumzia ni wakili wa kesi, yaani anayesimama mbele ya jaji au hakimu. Ni tofauti na mwenzake anayekaa ofisini akiandika mikataba. Kaunti ina Ofisi ya Wakili wa Kaunti, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2020, na ndani yake wamo mawakili walioajiriwa. Kesi zikiwa nzito au nyingi, hupewa mawakili wa nje. Lakini awe wa ndani au wa nje, mteja wake ni taasisi. Hamtetei gavana kama mtu binafsi, wala mkurugenzi wa nyumba, wala afisa aliyetia saini notisi. Na hapa lazima niseme jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Taasisi hiyo ni mali ya umma, kwa hiyo kodi isiyolipwa ni fedha ya umma, na nyumba iliyopangishwa kinyemela kwa mtu wa tatu kwa mara nne ya kodi yake ni nyumba ambayo familia nyingine ilikuwa ikiisubiri. Lakini mpangaji anayeburutwa kortini bila utaratibu, naye ni umma huo huo. Wakili mzuri wa nyumba za umma hubeba yote mawili kichwani.

Tena wakili yeyote ni afisa wa mahakama. Faili likionesha kwamba notisi haikumfikia mpangaji, hana ruhusa ya kusimama akamwambia jaji kwamba ilimfikia. Anaweza kunyamaza kwa mambo ya siri aliyoambiwa na mteja, ila kudanganya hawezi. Ndiyo maana nusu ya kazi yake hufanyika kabla ya kufika kortini, akiwauliza maafisa maswali ambayo hawapendi kuulizwa.

Chukua nyumba moja ya vyumba viwili, na tuseme ina deni la kodi la miezi 14. Faili lake likifunguliwa mezani, kitu cha kwanza anachotafuta wakili ni jina. Barua ya kupewa nyumba ni ya miaka ya themanini, imepigwa taipu, na jina lililo juu yake ni la baba aliyekuwa mfanyakazi wa manispaa na ambaye sasa ni marehemu. Chini yake kuna kadi ya kodi iliyochakaa pembeni. Risiti za miaka kumi ya mwisho zina jina la binti yake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akipeleka kodi dirishani na karani akamwandikia bila kuuliza. Halafu juu kabisa, mpya na safi, kuna nakala ya notisi ya kuhama. Imeandikwa kwa jina la baba.

Kesi hiyo imepasuka hata kabla ya kufunguliwa. Notisi imeelekezwa kwa mtu aliyekufa, na ofisi ile ile isiyomtaja binti kwenye notisi imekuwa ikipokea fedha zake miaka kumi. Mbele ya jaji, wakili wa binti atasema kwa kupokea kodi ofisi ilimkubali kuwa mpangaji, na hoja hiyo ina nguvu. Wakili wa upande wa umma akiwa na busara atalirudisha faili kwa idara ya nyumba na kusema: anzeni upya, mwandikieni anayeishi humo kwa jina lake, mpeni hesabu ya deni, mwiteni aseme lake. Sheria ya mwaka 2015 kuhusu uamuzi wa haki katika utawala inataka hivyo hivyo. Mtu atakayeumizwa na uamuzi wa ofisi ya umma aelezwe mapema, apewe sababu, apewe nafasi ya kujitetea. Msingi wake ni kifungu cha 47 cha Katiba.

Kisha kuna kiapo cha aliyepeleka notisi. Karatasi hii ndogo imeangusha kesi nyingi. Ni lazima iseme siku gani, saa ngapi, alimkabidhi nani, na alimjuaje kuwa ndiye. Kusema tu “niliibandika mlangoni” ni kualika maswali: mlango upi, ulijaribu mara ngapi kumpata mwenyewe, kwa nini hukumwachia mtu mzima aliyekuwepo? Picha ya mlango yenye namba ya nyumba ikionekana vizuri huokoa miezi ya mabishano. Na upande wa mpangaji, kuikataa barua au kuichana hakumsaidii kitu. Kiapo kitasema aliikataa, na siku zitaendelea kuhesabiwa. Ipokee, andika tarehe uliyoipokea, ipige picha.

Sasa tufike kwenye kiini cha mkanganyiko, yaani muda wa notisi. Watu hutaja mwezi mmoja, wengine miezi mitatu, na wote huwa na sehemu ya ukweli. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, anastahili notisi isiyopungua kipindi chenyewe cha kupanga, yaani mwezi. Hiyo ni notisi ya kumaliza upangaji. Kumaliza upangaji na kumtoa mtu nje ni mambo mawili. Sheria hiyo ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, iliongezewa sehemu nzima inayohusu kuwatoa watu wanaohesabiwa kuwa wanakaa bila idhini. Kwa ardhi ya umma, uamuzi wa kuwatoa ni lazima utangazwe kwa maandishi, kwenye Gazeti la Serikali, kwenye gazeti linalosomwa nchi nzima, na kwenye redio kwa lugha ya wenyeji inapofaa, miezi mitatu kabla. Anayepewa notisi ana ruhusa ya kwenda mahakamani kuomba nafuu kabla muda huo haujaisha.

Na hata siku yenyewe ikifika, sheria haijanyamaza. Wanaotekeleza wajitambulishe na waoneshe idhini. Kundi la watu likihusika, maafisa wa serikali wawepo. Wazee, watoto, kina mama na watu wenye ulemavu wapewe ulinzi maalumu. Mali iliyobaki nyuma ilindwe. Wenyeji wapewe nafasi ya kwanza kubomoa wenyewe na kuokoa mabati, milango na mbao zao. Haya siyo maoni ya shirika la haki, yameandikwa kwenye sheria ya nchi. Wakili wa taasisi ya nyumba anatakiwa ayajue kwa moyo, kwa kuwa akiulizwa na jaji, “Haya yalifanywa?”, jibu la “sina uhakika” linaweza kuigharimu kaunti kesi nzima na fidia juu yake.

Kesi iliyowafunza mawakili wa serikali kuogopa jibu hilo ilitoka Nairobi. Kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kilibomolewa mwezi Novemba mwaka 2011 kwa notisi fupi mno, tena wakati amri ya korti ipo. Wakaazi walienda mahakamani kwa jina la chama chao, Mitu-Bell. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliwapa haki, Mahakama ya Rufani ikaitengua, na tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ikatoa neno la mwisho. Ilisema watu wasio na ardhi wanapokaa kwenye ardhi ya umma na kujenga makazi yao hapo, hawapati hati ya kumiliki, lakini wanapata haki ya makazi inayoweza kulindwa na mahakama. Haki hiyo imo kwenye kifungu cha 43 cha Katiba. Tena ikasema mahakama inaweza kutoa amri kisha ikaendelea kuisimamia, ikitaka serikali irudi mara kwa mara kueleza imefika wapi.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyobadilisha kazi ya wakili wa umma. Zamani akishasomewa hukumu alifunga faili. Sasa anaweza kulazimika kurudi na ripoti: wangapi wameorodheshwa, wamehamia wapi, nani amelipwa na nani bado. Na nyuma ya ripoti hiyo lazima kuwe na kazi ya kweli mitaani, la sivyo jaji ataiona.

Kesi nyingine ya Nairobi, ya wapangaji wa nyumba za reli za Muthurwa, iko karibu zaidi na hali ya Mombasa kwa sababu wale walikuwa wapangaji hasa, wenye kodi na mikataba. Hukumu ya mwaka 2013 haikuwapa haki ya kukaa milele. Ila namna walivyokuwa wakisukumwa kutoka ilionekana kuwa imevunja haki zao. Kwa nyumba za zamani za kaunti ambazo zimewekwa kwenye mipango ya kujengwa upya, hapa ndipo pa kutazama. Kaunti inayo haki ya kujenga upya, kwani Katiba imezipa kaunti kazi ya maendeleo ya nyumba, na kusema kweli mengi ya majengo haya yamechoka, zege limepasuka na nondo zimetokeza. Swali litakalobishaniwa kortini ni kama wakaazi walishirikishwa kabla ya uamuzi, walipewa nini cha kuhamia, na ahadi ya kurudi imeandikwa wapi.

Hilo la kuandikwa nalitilia mkazo sana. Mkutano ukiitishwa uwanjani, afisa akashika kipaza sauti na kusema, “Kila aliyekuwa hapa atapewa nafasi ya kwanza kwenye nyumba mpya,” watu hupiga makofi na kurudi majumbani. Miaka mitatu baadaye wakili wa taasisi akiulizwa na jaji kuhusu ahadi ile, atatafuta faili na asikute kitu. Hatakuwa anadanganya. Kinachohitajika ni barua yenye jina la mpangaji, namba ya nyumba yake ya zamani, aina ya nyumba atakayopewa, kwa bei gani na kwa masharti gani. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba nyaraka za mradi kwa maandishi, na ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Chama cha wakaazi kikiandika barua hiyo mapema, wakili wa upande wa pili naye hupata nguvu ya kuwaambia wakubwa wake watoe majibu.

Watu wanapokimbilia kortini, mara nyingi huenda kuomba amri ya muda. Mtu akitoka na amri hiyo, mtaa mzima husema ameshinda kesi. Hajashinda. Amri ya muda ni kuepua chungu motoni watu wakiwa bado wanabishana. Hakuna aliyeambiwa chakula ni chake, ila angalau hakitaungua. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 unaotajwa kila siku kwenye korti zetu, jaji huangalia mambo matatu: kama mwombaji ana hoja yenye uzito, kama atapata hasara isiyoweza kufidiwa kwa pesa, na jaji akibaki na shaka, ni nani ataumia zaidi amri ikitolewa au ikinyimwa. Kwa nyumba ya mtu, jambo la pili mara nyingi linaeleweka lenyewe. Wakili wa taasisi basi hukazia la kwanza: huyu hana mkataba, au alishapewa muda, au aliipangisha nyumba kwa mtu mwingine akahamia Mtwapa.

Na amri ikishatolewa, kazi ngumu ya wakili wa umma ndiyo inaanza. Inambidi awafikishie maafisa siku ile ile, kwa maandishi, na awaeleze kwa lugha isiyo na kona kwamba tingatinga halisogei. Atakayekaidi anaweza kufungwa au kutozwa faini kwa kudharau mahakama, tena yeye mwenyewe, siyo ofisi yake. Upande wa mpangaji nao kuna kosa linalorudiwa kila mara. Akishapata amri, anaacha kulipa kodi. Amri ya kuzuia kufukuzwa haifuti kodi. Deni likiendelea kukua, wakili wa taasisi atarudi kwa jaji na hesabu hiyo na kuomba amri iondolewe, na mara nyingi atasikizwa. Kama ofisi inakataa kupokea fedha, omba ruhusa ya kuziweka mahakamani.

Nimegusia mwanzo imani kwamba aliyekaa muda mrefu ameshakuwa mwenyewe. Imani hii haikutoka hewani. Sheria ya ukomo wa kesi inasema anayekaa kwenye ardhi ya mtu binafsi miaka 12, waziwazi, bila idhini na bila kuondolewa, anaweza kudai umiliki. Pwani, ambako wamiliki wengi wa ardhi walikuwa mbali na watu wakaishi na kuzikana juu ya ardhi hiyo, sheria hii imekuwa kimbilio. Lakini sheria hiyo hiyo inasema haitumiki dhidi ya ardhi ya serikali. Miaka 12, 30 au 50 ni sawa tu. Na mpangaji, hata angekuwa kwa mtu binafsi, anakaa kwa idhini, kwa hiyo saa hiyo haijawahi kuanza kugonga kwake.

Mombasa mambo yanachanganyika zaidi kwa sababu tuna desturi ya nyumba bila ardhi. Katika mtaa wa Majengo na mitaa mingine ya zamani, mtu anamiliki kuta na paa la makuti au mabati, anazirithisha, anaziuza, huku ardhi chini yake ni ya mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja. Aliyekulia katika desturi hiyo akihamia nyumba ya manispaa, akaongeza chumba cha nyuma, akaweka vigae na bafu, ni rahisi aone kwamba kuta zile ni zake. Kwenye nyumba ya umma hazihesabiki hivyo. Anaweza kudai fidia ya alichoongeza kama alipewa kibali cha kuongeza. Bila kibali, wakili wa taasisi atasema aliharibu jengo la umma, na ataonekana mkatili kwa kusema jambo ambalo liko kwenye mkataba.

Suala la kurithi liko hapo hapo. Upangaji wa nyumba ya kaunti haugawanywi kama mirathi. Cheti cha Kadhi cha warithi kinaonesha nani ni mrithi wa mali ya marehemu, lakini nyumba ya kupanga si mali ya marehemu. Kinachoweza kufanyika ni mjane au mtoto anayeishi humo kuomba upangaji uandikwe kwa jina lake, na ofisi nyingi hukubali ikiwa kodi haina deni. Fanyeni hivyo mapema baada ya matanga, kabla ndugu wanne hawajafika kortini kugombea nyumba ambayo si ya yeyote kati yao.

Upande mwingine wa kazi hii hauzungumzwi sana, na mimi naona ndio wenye faida kubwa kwa wakaazi: kurudisha ardhi ya umma iliyoporwa. Mitaa yetu ya zamani ilipangwa ikiwa na viwanja vya watoto, njia, mahali pa shule ya chekechea. Vingi vimeishia na kuta na hati za watu. Kwa miaka mingi aliyeshika hati alikuwa na jibu moja: nilinunua kwa nia njema, hati yangu ni halali. Jibu hilo lilikatwa na kesi iliyotokea hapa hapa Mombasa. Kiwanja cha Nyali kilichokuwa kimetengwa kuwa eneo la wazi, kwenye njia ya kwenda ufukweni, kiligawiwa aliyekuwa rais, Daniel arap Moi, mwaka 1989, kisha kikauzwa mpaka kikafika kwa kampuni ya Dina Management. Mwaka 2017 kaunti ilibomoa ukuta kufungua njia. Kampuni ikashtaki. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati ni mwisho wa safari ya kupata ardhi. Kama ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, hati haiwezi kusafisha kilichotangulia, na mnunuzi wa baadaye hawezi kujificha nyuma ya nia njema. Kifungu cha 40 cha Katiba kinasema waziwazi kwamba ulinzi wa mali hauhusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Wakaazi wanaweza kumsaidia sana wakili katika kesi za aina hii, kuliko wanavyodhani. Ramani za zamani hupotea ofisini. Mzee aliyecheza mpira kwenye kiwanja hicho mwaka 1975, picha ya harusi inayoonesha uwanja ukiwa wazi, barua ya malalamiko ya miaka ya tisini yenye muhuri wa kupokewa, hivyo vyote ni ushahidi.

Kuhusu wapi pa kwenda: migogoro ya ardhi na upangaji wa ardhi ina mahakama yake, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 na ambayo ina majaji Mombasa. Mahakimu pia wana uwezo kwa mali isiyozidi thamani fulani, ambayo kwa hakimu mkuu ni shilingi milioni 20. Wenye maduka kwenye majengo ya kaunti hukosea sana hapa. Huenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara wakidhani litawalinda, lakini sheria ya baraza hilo imeutoa nje upangaji ambao serikali au serikali ya mtaa ni sehemu yake. Wakili wa kaunti atainuka, atasoma mstari huo mmoja, na kesi itafutwa bila hoja nyingine kusikizwa. Asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kuuliza Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, au Kituo cha Sheria, ambacho kimekuwepo tangu 1973 na kina ofisi Mombasa.

Kesi nyingi hazifiki kwenye hukumu. Katiba inazitaka mahakama kuhimiza upatanisho, na wakili wa umma mwenye uzoefu hupenda njia hiyo kwa sababu anajua udhaifu wa mafaili yake. Makubaliano ya kulipa deni kwa awamu, au ya kuhama baada ya watoto kumaliza mtihani wa mwisho wa mwaka, yakiwekewa sahihi na kusomwa na jaji huwa amri kamili. Yasome vizuri kabla ya kutia sahihi. Ukikosa awamu moja, huenda kifungu cha mwisho kinaruhusu utolewe bila kesi mpya, na kukitengua ni kazi kubwa.

Na hukumu ikitoka ikawa mbaya kwako, siku ni chache. Kutoka Mahakama ya Mazingira na Ardhi kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ya rufaa huwekwa ndani ya siku 14. Kutoka kwa hakimu, rufaa ni ndani ya siku 30. Kukata rufaa peke yake hakusimamishi utekelezaji. Ni lazima uombe usitishwe, uombe bila kuchelewa, uoneshe hasara kubwa utakayopata, na uwe tayari kuweka dhamana. Dalali wa mahakama akifika na amri halali na wewe umeshika risiti ya rufaa tu, ataendelea na kazi yake, na wakili wa upande wa pili hatakuwa na amri yoyote ya kumzuia.